Niache kiwanda cha unga nifuate kandarasi ya sola ya miezi sita?

SWALI

Hujambo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kaptembwo hapa Nakuru. Nina diploma ya stima na ni fundi wa matengenezo katika kiwanda kimoja cha kusaga unga, ambako nimefanya kazi kwa zaidi ya miaka minane. Nimeajiriwa kwa kudumu. Mshahara wangu ni shilingi 32,000 kwa mwezi, NSSF inalipwa, na sijawahi kufika mwisho wa mwezi nikakosa kuona pesa. Kazi yenyewe naijua. Mota ikiungua, kontakta ikigandana, au kinu kikizima saa nane za usiku, mimi ndiye ninayeitwa.

Shida ni kwamba naona wenzangu wanaondoka. Kijana niliyemfundisha kushika testa alipokuja kwetu kwa mafunzo ya kazini sasa anafunga sola kwenye mashamba ya maua kule Naivasha, na analipwa kunishinda. Mwingine yuko Olkaria, kwenye vituo vya umeme wa mvuke. Hapa mjini ukikaa na mafundi, mazungumzo ni umeme wa mvuke wa ardhini kule Menengai na paneli za juu ya paa. Nimetuma maombi kwa kampuni nyingi za nishati, wasifu wa kurasa nne pamoja na vyeti vyote tangu shule ya msingi. Nyingi hata hazikujibu kwamba zimepokea.

Hatimaye mkandarasi mmoja aliniita. Usaili wake haukufanana na ule niliouzoea. Hakuna aliyeniuliza nilisoma wapi. Nilipandishwa juu ya paa la bohari, nikapewa mita na kuambiwa nipime nyaya mbili zilizotoka kwenye paneli. Nyaya hizo hazikuwa zimeunganishwa na laini ya Kenya Power wala na mashine yoyote, lakini mita ilisoma zaidi ya volti 600. Nikabaki nikiitazama ile namba. Kisha wakaniuliza, “Leseni yako ya sola ni T ngapi?” Sina.

Hata hivyo wamenipa nafasi ya msaidizi wa fundi, kandarasi ya miezi sita Naivasha, shilingi 55,000 kwa mwezi. Msimamizi aliniambia nikifanya vizuri, “tutakuchukua moja kwa moja mitambo ikishawashwa.” Wanataka jibu kabla ya mwezi kuisha.

Mume wangu ni dereva wa matatu za Njoro. Yeye anasema niende, kwamba nishati jadidifu ndiyo yenye kesho na kiwanda cha unga kitanizeesha bure. Mama yangu, ambaye ndiye hubaki na watoto nikiwa zamu ya usiku, anasema mtu haachi kazi ya kudumu kwa kibarua, hata kibarua hicho kiwe cha dhahabu. Juu ya hayo, jirani yetu anasema anamjua mtu anayeweza kuniingiza kwenye kituo cha mvuke kwa shilingi 20,000, na huko nitapata kazi ya kudumu yenye mshahara mkubwa kuliko huo wa sola.

Nimechanganyikiwa. Naogopa kuondoka, na naogopa kubaki nyuma. Nifanye nini?

Fundi wa stima, Kaptembwo

JIBU

Dada yangu wa Kaptembwo,

Usiikubali kandarasi hii jinsi ilivyo sasa. Lakini pia usibaki kiwandani ukisubiri mwaka upite kama uliotangulia. Yote mawili nayasema kwa dhati, na nitakueleza sababu.

Tuanzie pale kwenye paa. Paneli ikipigwa na jua inazalisha umeme hata kama haijaungwa na chochote. Ukizifunga kwa mfululizo, volti zinajumlika hadi zinafika mamia, na hakuna swichi kubwa ya kuzizima mchana kama unavyozima laini ya kinu. Tena umeme wake ni DC, yaani mkondo unaokwenda upande mmoja tu. Mtu akichomoa kiungio wakati mkondo unapita, cheche inayoruka haikatiki upesi kama ya umeme tuliouzoea. Inaweza kuendelea kuwaka mpaka iyeyushe plastiki na kushika paa. Kwa hiyo waliokusaili walikuwa na maswali mawili tu vichwani. Je, huyu ataushika umeme huu bila kuunguza mali ya mteja? Na je, ana karatasi inayomruhusu kisheria kuushika? Tangu kanuni za sola za mwaka 2012, fundi anayefunga mitambo hii Kenya anatakiwa kuwa na leseni, na siku hizi inayoitoa ni EPRA, mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli. Ngazi za mafundi ni T1, T2 na T3. T1 ni ya mitambo midogo ya nyumbani, na T3 ndiyo inayofika kwenye mitambo mikubwa na ile iliyounganishwa na gridi, yaani aina ya kazi inayofanyika kwenye mashamba ya maua na viwanda.

Hapa ndipo uajiri ulipobadilika, na ndiyo maana wasifu wako wa kurasa nne haukujibiwa. Kiwanda chako kilikuajiri wewe, kikakupa cheo, kikakuzoea. Kampuni ya sola inaajiri kwa ajili ya paa fulani, kwa tarehe fulani, na inatafuta mtu ambaye leseni yake itakubalika kwa mteja wa paa hilo. Yule kijana uliyemfundisha hakukushinda ujuzi wa stima. Inaelekea alikushinda karatasi moja.

Mvuke nao una milango yake. Mchomeleaji anayetaka kuunga mabomba ya mvuke hufanyiwa mtihani wa bomba lililofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45. Analiunga kulizunguka lote bila kuligeuza, akijikunja na kulala chali inapobidi. Kisha kiungo hicho kinapigwa eksirei, au kinakatwa vipande na kukunjwa ili kuona kama kitapasuka. Kikipasuka, miaka yake ishirini ya jua kali haimsaidii siku hiyo.

Sasa ile ahadi ya “tutakuchukua moja kwa moja.” Mimi nimekaa upande wa waajiri kwa muda, na hili ndilo jambo ninalotaka ulielewe kuliko lolote lingine katika barua hii. Aliyekuahidi kazi hiyo huenda hana kazi hiyo ya kukupa. Yeye ni mkandarasi wa kufunga. Mitambo ikishawashwa, ni mali ya shamba la maua, au ya kampuni iliyoweka mtaji na inayoliuzia shamba umeme. Mwenye mali ndiye anayeamua nani ataitunza, na anaweza kumpa kazi hiyo mtu mwingine kabisa. Mkandarasi wako wakati huo atakuwa ameshahamishia ngazi zake kwenye paa lingine, labda Eldoret, labda Kisumu, na atakuchukua ikiwa amepata hilo paa.

Tena kazi zenyewe hupungua sana baada ya kuwashwa. Wakati wa ujenzi sola inataka mikono mingi: kusimamisha vyuma, kupandisha paneli, kuvuta nyaya, kuchimba mitaro. Ikishakamilika, paneli hazina gia wala beringi. Zinataka kuoshwa vumbi, nyasi zikatwe kama ziko chini, inverta (mashine zinazogeuza DC kuwa umeme tuliouzoea) zikaguliwe, na walinzi walale macho. Kituo kama cha Kesses kule Uasin Gishu, chenye megawati 40, kinatunzwa na watu wachache sana ukilinganisha na waliokijenga. Jotoardhi, yaani huo umeme wa mvuke, ni afadhali kidogo upande huu, kwa sababu mtambo wake una tabo inayozungushwa na mvuke, pampu, vali na mabomba yanayotaka fundi kila siku, na visima huchoka, kwa hiyo vipya huchimbwa. Olkaria ilianza kutoa umeme mwaka 1981 na mpaka leo inaajiri. Lakini nafasi za kudumu huko hugombaniwa na watu wengi mno.

Mume wako anasema nishati jadidifu ndiyo yenye kesho. Kwa nchi, amesema kweli. Umeme wa Kenya tayari unatokana kwa sehemu kubwa mno na mvuke, maji, upepo na jua, na hapo Menengai kituo cha kwanza cha megawati 35 kilianza kuzalisha mwaka 2023. Ila kesho ya sekta na kesho ya kandarasi yako ni mambo mawili. Kaeni chini na mpige hesabu pamoja. Miezi sita kwa 55,000 ni shilingi 330,000. Miezi kumi na miwili kiwandani kwa 32,000 ni 384,000. Yaani ili usirudi nyuma mwaka huu, unahitaji miezi saba ya kazi ya sola, nawe umeahidiwa sita. Ongeza chumba Naivasha, chakula cha peke yako na nauli ya kuja kuwaona watoto. Zikienda 10,000 kwa mwezi, miezi saba inakuwa minane na nusu. Na mama yako, ambaye sasa anakaa na watoto zamu za usiku tu, atakaa nao mfululizo. Umemuuliza kama anaweza? Katika barua yako umetaja maoni yake kuhusu kibarua, hukutaja kama ana nguvu za hiyo kazi nyingine. Hiyo si zawadi ya kuchukuliwa kimyakimya.

Ningekushauri hivi. Una haki ya likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, yenye mshahara. Mafunzo ya sola hayachukui muhula mzima. Mengi ni ya siku chache hadi majuma machache. Tumia likizo yako ijayo kusoma, ukiwa bado unalipwa na kiwanda. Kabla ya kulipa karo, hakikisha chuo hicho kinatambuliwa na EPRA na NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) kwa mafunzo hayo, maana siku hizi kila mwenye projekta na kaunta ya soda anauza cheti cha sola. Kisha omba leseni EPRA. Ngazi utakayopewa itategemea elimu, mafunzo na uzoefu, na kwa diploma yako pamoja na miaka yako ya mota, huanzii chini kabisa. Jiandae kuhojiwa, kwa hiyo usisome kwa kukariri. Ile namba ya 600 uliyoiona kwenye mita, soma mpaka uweze kumweleza mtu mwingine ilitoka wapi, na ungefanya nini kabla ya kugusa nyaya zile.

Na usilipe karo kabla hujazungumza na ofisi ya wafanyakazi kiwandani. Wafanyakazi wengi hawajui kwamba mwajiri hulipa ushuru wa mafunzo wa NITA, shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kila mwezi, na kwamba mwajiri aliyempeleka mtu wake kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kuomba arudishiwe gharama. Kwa miaka minane yote wewe umehesabiwa katika ushuru huo. Ingia kwa meneja ukiwa na hoja ya kiwanda: bili ya stima ya kinu ni kubwa, viwanda vingi vinaweka sola juu ya paa, na kiwanda hiki kikiweka, kitahitaji mtu wa ndani anayejua bodi zake na pia ana leseni ya sola. Akikataa, umepoteza robo saa. Akikubali, umepata leseni bila kugusa mshahara, na pengine ile kazi ya kudumu ya sola unayoitafuta Naivasha ikaja kukukuta hapo hapo Nakuru. Naamini hiyo ndiyo njia yako nzuri kuliko zote, na inaniuma kuona mafundi wa viwandani wakiikimbia bila kuijaribu.

Wasifu nao uupunguze hadi kurasa mbili. Vyeti vya shule ya msingi ondoa. Juu kabisa weka diploma, leseni ukishaipata, na simu za wasimamizi wawili watakaopokea. Chini yake andika kazi, si majukumu: mota ya kilowati ngapi, hitilafu ilikuwa gani, uliirekebishaje, laini ilirudi baada ya muda gani. Anza kuyaandika kwenye daftari kuanzia zamu ya leo. Anayetunza mitambo ya sola kiwandani hushughulika na bodi, breka na hitilafu za usiku, mambo ambayo wewe unayaishi. Mwajiri hawezi kuyajua ikiwa umeandika “nilihusika na matengenezo.”

Kama baada ya haya yote bado roho yako iko Naivasha, basi usiende kwa maneno ya mdomo. Kazi ya miezi mitatu au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi chini ya Sheria ya Ajira ya 2007. Uone jina la kampuni inayokuajiri, maana pale kwenye paa unaweza kukuta wakandarasi watatu na hakuna anayekubali kwamba wewe ni wake. Uone cheo chako, tarehe ya mwisho, na nini kitatokea mteja akisimamisha kazi mwezi wa tatu. Uulize bima ya kuumia kazini, ambayo sheria ya mwaka 2007 ya fidia za majeraha inamtaka kila mwajiri awe nayo. Kuanguka kutoka paa la bohari si jambo la kuchangiwa kwenye kundi la WhatsApp. Uulize malazi, choo cha wanawake, na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono, ambayo kampuni yenye wafanyakazi 20 au zaidi inatakiwa kuwa nayo. Msimamizi akikuchekea kwa maswali hayo, umeshapata jibu lako. Na kiwandani usiondoke ghafla. Angalia mkataba wako unadai notisi ya muda gani. Kwa anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28. Unaweza hata kuomba likizo bila malipo ya miezi sita. Wengi hukataliwa, lakini fundi anayeaminiwa na zamu ya usiku ana uzito wake.

Mtu wa jirani yako wa shilingi 20,000, achana naye leo. KenGen inayozalisha umeme na GDC inayoendeleza jotoardhi ni mashirika ya serikali, nafasi zao hutangazwa hadharani na hakuna ada ya kuomba. Ikiwa huyo mtu hana uhusiano wowote na kituo, anakuibia. Ikiwa anao kweli, basi ni hongo, na Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika anayetoa kama inavyomshika anayepokea. Mwambie jirani kwa upole kwamba huna hizo pesa, kisha mwambie kwa uwazi asimpeleke mtu mwingine huko. Nakuru na Naivasha zimejaa vijana waliouza mbuzi na pikipiki kwa ajili ya “nafasi za mvuke,” na hasira yangu juu ya hilo sitaificha.

Sasa amebaki mkandarasi. Usimnyamazie mpaka tarehe ipite, maana watu hawa hurudi kwenye majina waliyoyapenda, na wewe walikupenda, la sivyo wasingekupa nafasi bila leseni. Mwandikie ujumbe mfupi kabla ya mwezi kuisha: unamshukuru, ungependa kufanya kazi naye, lakini unataka kujua kwa maandishi nani atamiliki na nani atatunza mitambo hiyo baada ya kuwashwa, na kama nafasi ya utunzaji ina jina lako. Akishindwa kujibu, mwambie kwamba kwa sasa huwezi kuja, unasomea leseni, na utamtumia nakala ukiipata. Hifadhi ujumbe huo na namba yake.